Bwana Carver, Aliyelisha Ardhi Iliyochoka

Toka Arua mpaka Koboko hakuna nyumba isiyojua muhogo na viazi vitamu. Lakini ni wachache wanaojua habari za mtu mmoja, mwana wa mtumwa, aliyetumia miaka zaidi ya 40 kuwafundisha maskini namna ya kulisha ardhi ili izae vyakula kama hivyo. Mtu huyo ni George Washington Carver. Nitawaeleza maisha yake kwa kifupi, kisha nitasema kwa nini mimi, kijana wa miaka 19, namkumbuka kila nishikapo jembe.

Carver alizaliwa katika jimbo la Missouri, Marekani, karibu na mwaka 1864. Siku yenyewe haijulikani, maana mtoto wa mtumwa alihesabiwa kama mali. Alipokuwa angali mchanga, wanyang'anyi walimwiba pamoja na mama yake. Bwana wao, Moses Carver, akatuma mtu kuwatafuta. Mtoto akapatikana, na farasi mmoja akatolewa kuwa malipo. Mama yake hakuonekana tena.

Utumwa ulipokwisha, Bwana Moses na mkewe Susan wakamlea mtoto huyo. Mwili wake ulikuwa dhaifu, kwa hiyo hakupewa kazi nzito za shamba. Alibaki nyumbani akijifunza kupika, kufua na kutunza bustani. Majirani waliposikia kwamba anajua kufufua maua yaliyonyauka, wakampa jina la daktari wa mimea.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Basi akaenda mji wa Neosho, akakaa kwa Mama Mariah Watkins, aliyekuwa mkunga na mfua nguo, akimsaidia kazi ili apate chakula na mahali pa kulala. Baadaye akahamahama katika jimbo la Kansas akifua nguo za watu na kusoma. Mwaka 1885 chuo cha Highland kilimkubali kwa barua, lakini alipofika wakaiona rangi yake, wakamrudisha. Hakukata tamaa. Mwaka 1890 akaingia chuo cha Simpson katika Iowa, akajifunza kuchora. Mwalimu wake, Bibi Etta Budd, alipoona jinsi anavyoijua mimea, akamshauri akasome kilimo katika mji wa Ames. Huko alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza. Akapata shahada mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huohuo Booker T. Washington akamwita kufundisha katika shule yake ya Tuskegee, Alabama. Carver alikuta ardhi imechoka kabisa, kwa sababu watu walipanda pamba juu ya pamba mwaka hata mwaka. Wakulima weusi walikuwa huru kwa jina, lakini deni liliwafunga. Mbolea ya dukani ilikuwa ghali kwao. Vyombo vya maabara havikuwapo, basi akaenda jalalani na wanafunzi wake, wakaokota chupa na makopo ya kufanyia kazi.

Akawafundisha wakulima kutumia vitu visivyonunuliwa: majani ya msituni, matope meusi ya kinamasi, na samadi. Akawaambia wapande kunde na karanga, kwa kuwa mimea hiyo hurudisha naitrojeni katika udongo. Mwaka 1898 alitoa kijitabu juu ya majaribio yake ya viazi vitamu, na mpaka mwisho wa maisha yake vijitabu vyake vilipita 40. Kwa kuwa wakulima wengi hawakuweza kufika shuleni, mwaka 1906 shule ikaanza kuwapelekea gari lililovutwa na nyumbu, lenye zana na mbegu.

Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza faida za karanga. Alipewa dakika 10 tu, lakini wakubwa wale wakapendezwa, wakamwongeza muda. Wengine husema ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Si kweli; watu walisaga karanga kabla yake. Sifa yake ni nyingine: aliwafikiria watu wasio na fedha. Hakuoa, na akiba yake aliitoa kwa ajili ya utafiti hapo Tuskegee. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, akazikwa karibu na kaburi la Washington.

Sasa habari yangu. Kwetu Koboko shamba la mama lilikuwa la tumbaku kwa miaka mingi, na tumbaku hula ardhi kama pamba ilivyoila Alabama. Mwaka juzi viazi vyetu vilitoka vyembamba kama vidole, ingawa marando yalistawi. Karo yangu hutoka katika viazi hivyo. Baba akasema shamba liachwe, nami nirudi nyumbani tutafute riziki nyingine.

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa ametueleza kwamba naitrojeni hulisha majani, bali potashi husaidia mizizi kunenepa, nayo imo katika majivu ya kuni. Nikamwomba baba anipe msimu mmoja. Mwezi wa Agosti, viazi vilipokuwa na umri wa miezi miwili na mvua zingali zinanyesha, nikatia majivu kidogo kando ya matuta sita, mbali na mashina, nikafukia kwa udongo. Matuta sita mengine nikayaacha vivi hivi ili nilinganishe. Mawili, kwa tamaa yangu, nikayatia samadi nyingi ya mbuzi.

Tulichimba mwezi wa Novemba. Matuta ya majivu yalitoa viazi vinene kuliko yale niliyoyaacha. Matuta ya samadi yalikuwa na majani ya kufika magotini, na chini yake mizizi mitupu. Mama alicheka sana, akaniuliza kama karo italipwa kwa majani. Hivyo nikajua kwamba samadi hutiwa mapema, kabla ya kupanda, nayo iwe imeoza. Nimejua pia kwamba majivu yakizidi huharibu udongo. Na matuta machache hayatoshi kuthibitisha jambo. Mwaka huu nimerudia, na upande mwingine tumepanda kunde.

Karo haikutimia yote. Iliyobaki niliilipa kwa kazi ya likizo. Lakini baba hakutaja tena habari ya kuacha shamba. Siku moja nilimwona akirudi kutoka kwa jirani na gunia begani. Hakunieleza neno, nami sikumwuliza. Lilikuwa gunia la majivu.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunasoma ili tuliache jembe. Carver alisoma kutuwazidi, kisha akalirudia jembe kwa hiari yake. Ukienda likizo, tazama jivu la jikoni kwenu linamwagwa wapi.