Galileo alitumia boriti na maji. Sisi twangoja nini?

Ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wengi ninaowafunza fizikia hapa Kiganjo, mjini Thika, huzikariri kanuni za mwendo katika mstari mnyoofu ilhali hawajapata kulipima hata tufe moja likibingirika. Kwa sababu hiyo nimeonelea niyasimulie maisha ya mtu aliyetuachia elimu hiyo.

Galileo Galilei alizaliwa mjini Pisa, Italia, Februari 15, 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki aliyetaka mwanawe awe tabibu. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1581, lakini hisabati ikamteka moyo, naye akaondoka mwaka 1585 bila shahada. Hata hivyo, alirejea chuoni humo mwaka 1589 akiwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1592 akahamia Padua, alikofundisha kwa miaka 18.

Enzi hizo wasomi walishikilia mafundisho ya Aristotle, Myunani wa kale, kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Galileo hakuridhika. Lakini kitu kinachoanguka huenda mbio mno, na saa ya kupimia sekunde kwa uhakika haikuwepo. Akabuni njia: alichonga mfereji mnyoofu katika boriti, akaiinamisha kidogo, kisha akabingirisha humo tufe la shaba ili mwendo uwe wa polepole. Muda aliupima kwa maji. Aliyaacha yatiririke kutoka chomboni tangu tufe lianze safari hadi lifike, halafu akayapima kwenye mizani.

Alichokiona ni hiki. Tufe likienda kipimo 1 cha umbali katika kipindi cha kwanza, huenda vipimo 3 katika cha pili, 5 katika cha tatu na 7 katika cha nne. Ukijumlisha hatua kwa hatua wapata 1, 4, 9 na 16. Yaani umbali hukua kwa mraba wa muda, nayo kasi huongezeka kwa kiasi kilekile kila sekunde. Huo ndio mchapuko usiobadilika.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa Katoliki ilimhukumu kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua. Alizuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence. Huko, mzee aliyekuwa akipoteza macho, alikamilisha kitabu chake kuhusu mwendo, kikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Alifariki Januari 8, 1642.

Elimu hii si ya mtihani pekee. Gari likienda kwa kasi maradufu, breki zilezile huhitaji umbali mara 4 ili kulisimamisha. Kijana anayevuka Barabara Kuu ya Thika bila kulijua hilo hudhani gari lililo mbali litawahi kusimama, na kosa hilo halina marudio kama mtihani.

Basi nawasihi walimu wenzangu tusiifanye maabara kuwa kisingizio. Ubao, gololi na kopo lililotobolewa hupatikana hata katika shule maskini. Nanyi wanafunzi, mkipewa kanuni, ombeni kwanza kuuona mwendo wenyewe.