Shaaban Robert: Mwandishi wa Zama za Kweli na Zama za Kubuni

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujaanza kuchambua riwaya yoyote, jiulize maswali mawili. Iliandikwa wakati gani? Inasimulia wakati gani? Majibu ya maswali haya yanaweza kutofautiana kabisa, na hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Mwaka mmoja, darasani kwangu hapa Moiben, mwanafunzi hodari aliandika kwamba Kusadikika ni nchi iliyopakana na Tanga na kwamba ilitawaliwa na Wajerumani. Sikumpa alama, lakini pia sikumcheka. Alikuwa amehisi jambo la kweli: nchi ile ya kubuni inafanana na nchi halisi. Alichokosa ni namna ya kulieleza jambo hilo bila kuchanganya historia na ubunifu. Ili ujifunze kulieleza, fuatana nami katika maisha ya mtu aliyeandika vitabu vya aina zote mbili.

Kuzaliwa na malezi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Jina Robert lilikuwa la baba yake, kwa hivyo usidhani kwamba mwandishi huyu alikuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu. Asili ya wazazi wake ilikuwa Wayao, lakini yeye alikulia pwani na akajihesabu kuwa Mswahili.

Tazama mwaka huo kwa makini. Mnamo 1909 Tanganyika ilikuwa sehemu ya koloni la Wajerumani, na Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu iliyopita. Huku kwetu, walowezi Makaburu walikuwa wamewasili katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka uliotangulia, 1908, na ardhi tunayolima mahindi na ngano leo ilikuwa ikigawanywa mashamba kwa nambari. Ndiyo maana wazee bado huuita mji wa Eldoret Sisibo, kutokana na shamba nambari 64. Mtoto aliyezaliwa Vibambani na mtoto aliyezaliwa Moiben mwaka ule walizaliwa katika zama moja, ingawa watawala wao walizungumza lugha tofauti.

Shaaban alipokuwa na umri wa miaka mitano, Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Tanga. Mnamo Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilitua ufuoni likashindwa na kurudi baharini. Waliiteka Tanga mwaka wa 1916. Kwa hivyo, kabla hajatimiza miaka kumi, mtoto huyu alikuwa ameona serikali moja ikiondoka na nyingine ikiingia. Ukiona katika maandishi yake tawala zinazohojiwa na watawala wanaokosolewa, kumbuka kwamba tangu utotoni alijua kuwa hakuna utawala wa milele.

Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Katika mtihani wa kumaliza shule alishika nafasi ya pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja waliofuzu. Hakusoma chuo kikuu. Maarifa mengine yote aliyatafuta mwenyewe kwa kusoma na kuandika.

Karani wa serikali

Mwaka wa 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Alifanya kazi hiyo hadi 1944, akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, Pangani kikiwa kimoja cha vituo hivyo. Kisha alihudumu katika Idara ya Wanyama, afisi ya wilaya mjini Tanga, na hatimaye afisi ya upimaji ardhi hadi mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Usiipuuze kazi hii unapochambua vitabu vyake. Karani Mwafrika wa enzi za ukoloni alikuwa mahali pagumu. Barua za serikali zilipita mkononi mwake, lakini maamuzi hayakuwa yake. Alijua jinsi shauri linavyofunguliwa, jinsi jalada linavyocheleweshwa na jinsi mkubwa anavyoweza kukataa jambo jema kwa sababu tu limetoka kwa mdogo wake. Hakuweza kuyasema hayo hadharani akabaki na kazi na mshahara. Alipaswa kuchagua: anyamaze, au atafute njia nyingine ya kusema. Alitafuta njia nyingine.

Nyumbani nako alipata majonzi. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki baada ya miaka kumi hivi ya ndoa. Alimtungia shairi la maombolezo ambalo bado linasomwa. Binti yake Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman alimtungia Utenzi wa Adili, ili wapate mwongozo wa maisha. Hebu fikiria mzazi asiye na mali ya kurithisha, ambaye anaamua urithi wa watoto wake uwe maneno.

Vitabu vya zama za kweli

Sasa tugawe kazi zake. Kundi la kwanza ni vitabu vilivyohifadhi wakati halisi, watu halisi na matukio halisi.

Kitabu cha kwanza ni tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Sehemu ya kwanza ilichapishwa 1949, na sehemu zote mbili zikatolewa pamoja 1966. Humo utamwona mfanyakazi Mwafrika akisafiri, akioa, akifiwa, akilea na akibaguliwa chini ya serikali ya Waingereza. Rekodi nyingi za enzi hiyo ziliandikwa na maafisa wa kikoloni wakimwangalia Mwafrika kutoka nje. Hapa Mwafrika anajieleza mwenyewe, kwa lugha yake.

Cha pili ni Wasifu wa Siti Binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini ya wafinyanzi, naye mwenyewe aliwahi kuuza vyungu. Sauti yake ilimwinua hadi akawa mwimbaji maarufu wa taarab, na mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwenye santuri. Alifariki 1950. Tafakari ni nani walioandikiwa wasifu wakati huo: magavana, masultani, wamishenari. Shaaban Robert alichagua mwanamke aliyezaliwa katika ufukara. Uteuzi wa mhusika tayari ni hoja.

Cha tatu ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu, unaosimulia Vita vya Pili vya Dunia kuanzia 1939 hadi 1945. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana Ethiopia, Madagaska na Burma, na huenda katika ukoo wako wapo waliokwenda. Utenzi huu ni historia kwa ushairi. Hata hivyo, usome kwa jicho la mhakiki. Mtunzi anasimama upande wa Uingereza na wenzake, na anaviita vita hivyo vya uhuru ilhali Tanganyika yenyewe haikuwa huru. Je, aliamini hivyo, au karani wa serikali hakuwa na nafasi ya kuandika vingine? Hoja zote mbili zinaweza kujengwa. Huo ndio uhakiki.

Vitabu vya zama za kubuni

Kundi la pili ni vitabu vyenye nchi ambazo hutazipata kwenye ramani yoyote. Maarufu zaidi ni Kusadikika, kilichochapishwa 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na mshtaki wake ni Majivuno. Karama anajitetea barazani kwa siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja aliishia kifungoni. Mwishoni Karama anaachiliwa pamoja na wafungwa hao.

Je, umeona mbinu iliyotumika? Majina ya wahusika ni majazi, yaani yanabeba tabia zao. Nchi nzima ni istiara. Kwa kuwa Kusadikika haipo, hakuna gavana wala waziri aliyeweza kudai kwamba ametajwa. Lakini msomaji wa 1951 aliyewahi kupeleka ombi afisini likatupwa, au kusema kweli akaadhibiwa, aliijua nchi hiyo vizuri. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama lawama kwa utawala wa kikoloni. Wengine wanaiona kama lawama kwa utawala wowote unaoogopa raia wanaojua sheria. Ukichukua msimamo wowote, utetee kwa ushahidi kutoka riwayani.

Adili na Nduguze, kilichochapishwa 1952, kinatumia mtindo wa hekaya za kale kuonyesha wema na husuda kati ya ndugu. Kufikirika nacho kinatupeleka kwa mfalme anayetafuta mrithi, na ndani yake kuna mjadala kuhusu elimu, uganga, sheria na thamani ya uhai wa mtu. Kati ya aina hizi mbili kuna Utubora Mkulima, riwaya ya mtu aliyeacha kazi ya afisini akaenda kulima. Soma kitabu hicho ukiwa Moiben, ambako vijana wengi huota kinyume chake, kisha ujiulize ni nani kati yenu na Utubora anayeota vyema.

Mwisho wa maisha

Shaaban Robert alikuwa mwanachama wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alipewa tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Uingereza ikamtunuku nishani ya MBE. Lakini heshima hizo zisikufanye udhani kwamba njia yake ilikuwa nyepesi. Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya arobaini, kilichapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru pia ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata 1968. Mwandishi alikuwa amefariki Tanga mnamo Juni 1962.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hivyo, mtu aliyezaliwa chini ya Wajerumani na kufanya kazi chini ya Waingereza aliishi katika nchi huru kwa muda wa miezi sita tu. Aliishi miaka 53 na kupitia tawala tatu. Baadhi ya vitabu tunavyovitahini leo hakuwahi kuvishika mkononi vikiwa vimechapwa. Aliviandika bila kuwa na hakika kwamba kuna atakayevisoma. Wewe ndiye uliyekuja kuvisoma.

Zingatia unapojibu maswali

Kwanza, tofautisha tawasifu na wasifu. Tawasifu mtu hujiandikia mwenyewe, wasifu huandikiwa na mwingine. Maisha Yangu ni tawasifu. Kitabu cha Siti ni wasifu.

Pili, ukiulizwa kuhusu muktadha wa kihistoria, usisimulie maisha ya mwandishi kuanzia kuzaliwa hadi kufa. Chagua jambo moja la maisha yake, litaje kwa ufupi, kisha uonyeshe linavyojitokeza katika maandishi. Kusema tu kwamba alikuwa karani hakutoshi. Sema kwamba alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, hivyo akatumia istiara ya nchi ya angani kukosoa utawala bila kuutaja.

Tatu, usiseme Kusadikika ni Tanganyika. Sema Kusadikika inaashiria jamii yenye utawala wa namna fulani, kisha utoe mifano. Neno hilo moja, inaashiria, ndilo lililomponyoka mwanafunzi wangu.

Nne, usidhani kitabu cha matukio halisi kina ukweli mwingi kuliko cha kubuni. Kitabu cha kweli kinaweza kunyamazia jambo ambalo cha kubuni kinalisema wazi. Vipime vyote viwili.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya tawasifu na wasifu ukitumia kazi mbili za Shaaban Robert. (alama 4)

2. Kazi ya ukarani ilimpa Shaaban Robert maarifa na pia ikamwekea mipaka. Fafanua. (alama 6)

3. Mwandishi hubuni nchi isiyokuwepo ili aseme kuhusu nchi iliyopo. Thibitisha kwa kurejelea Kusadikika. (alama 10)

4. Mwendee mzee mmoja katika kijiji chako umwombe akusimulie mambo aliyoyaona kabla ya uhuru wa Kenya. Andika maelezo yake katika kurasa mbili kama wasifu. Kisha yaandike upya kama hadithi fupi iliyotokea katika nchi ya kubuni. Ni mambo gani uliyoweza kusema katika hadithi ambayo hukuyasema katika wasifu?

Swali la nne halina alama, lakini usiliruke. Wazee hao hawatakuwapo daima, na wewe una daftari na kalamu.