Maisha ya Sayyidna Jaafar bin Abi Talib, Aliyelea Wanawe Ugenini

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), hizi ni khabari za Sayyidna Jaafar bin Abi Talib, mtoto wa ammi yake Mtume na nduguye Sayyidna Ali, ambaye alimpita Ali kwa umri wa miaka kumi. Watu wengi wamjua kwa kufa kwake Muta, kwa kuwa khabari za vita husimuliwa sana barazani. Lakini Jaafar alishika bendera ya vita siku moja tu, na ugenini alikaa na mke na watoto wadogo miaka ipatayo kumi na mitatu. Sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo imfaayo zaidi mtu wa pwani aliyefunga mizigo akapanda bara na jamaa zake, akaenda kukaa Kondoa, au mji mwingine ambao lugha ya sokoni si lugha ya mamaye.

Kuhama nyumba alikuzoea tangu utoto. Abu Talib alikuwa na jina kubwa na mali kidogo, na watoto wengi. Ilipoingia njaa Makka, Mtume, kabla ya kupewa utume, alishauriana na ammi yake Abbas wampunguzie mzee mzigo. Yeye akamtwaa Ali, na Abbas akamtwaa Jaafar. Basi Jaafar alikulia nyumbani kwa ammi yake. Alipokuwa kijana alimwoa Asma binti Umais wa kabila la Khathaam, na wote wawili walisilimu mapema, Waislamu wangali wachache. Wapokezi wasema kuwa kwa sura na kwa tabia hapakuwa na watu wengi waliofanana na Mtume kama yeye.

Makuraishi walipozidi kuwatesa Waislamu, Mtume aliwapa ruhusa waende Habasha, nchi ya mfalme Mkristo ambaye kwake mtu hadhulumiwi. Kundi la kwanza lilivuka bahari ya Sham mwaka 615, wanaume 11 na wanawake 4, na ndani yake alikuwamo Sayyidna Uthman na mkewe Ruqayya, binti Mtume. Kisha wakafuata wengine, hata wakatimu wanaume zaidi ya 80 na wanawake kama 18. Watoto hawakutiwa katika hesabu hiyo, wala waliochukuliwa mikononi wala waliozaliwa huko. Jaafar na Asma walikuwa katika hawa, na Jaafar akawa msemaji wao.

Makuraishi hawakuridhika. Wakamtuma Amr bin al-As na Abdallah bin Abi Rabia na zawadi za ngozi nzuri za Makka, ambazo Mahabashi walizipenda mno. Zawadi zikagawiwa kwanza makasisi na wakubwa, kila mmoja fungu lake, ili mfalme atakapouliza shauri, mashauri yote yawe mamoja: wageni hawa warudishwe kwa watu wao. Najashi akakataa kuwatoa watu waliokimbilia kwake kabla ya kuyasikia maneno yao. Waislamu wakaitwa. Yafaa kuikumbuka hali yao siku hiyo: nyuma ya Jaafar walikuwapo wanawake na watoto wasio na pa kukimbilia tena, na maneno yakienda mrama, jahazi la kuwarudisha Makka lipo tayari.

Jaafar hakumsifu mfalme kwa uongo wala hakuwatukana Makuraishi. Alieleza jinsi walivyokuwa zamani, wakiabudu masanamu, wakila mizoga, mwenye nguvu akimla mnyonge. Kisha akaeleza alivyokuja kwao Mtume wanayemjua nasaba yake na ukweli wake, akawaamuru kusema kweli, kurudisha amana, kuunga udugu na kumtendea wema jirani. Alipoombwa asome katika alivyokuja navyo Mtume, alisoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Mfalme akalia, na makasisi wakalia pamoja naye. Amr akarudi siku ya pili na hila kali zaidi: muulize wasemavyo juu ya Isa. Hapo Waislamu waliogopa sana. Jaafar akasema yale yale aliyofundishwa na Mtume, kuwa Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake, na neno lake alilolitia kwa Maryam. Hakuzidisha ili kumpendeza mwenyeji, wala hakupunguza. Najashi akaokota kijiti chini, akaonyesha kuwa tofauti ya maneno hayo na imani yake haizidi kijiti kile. Ngozi za watu zikarudishwa, na Waislamu wakakaa kwa amani.

Basi wakajenga maisha. Asma alimzaa Abdallah, kisha Muhammad, kisha Aun, wote katika nchi ya Habasha. Watoto wa wahajiri walikua wakisikia lugha mbili, Kiarabu cha nyumbani na Kihabashi cha nje. Umm Khalid, binti Khalid bin Said, alizaliwa huko; walipofika Madina, Mtume alimvika nguo nyeusi yenye mapambo, kisha akaisifia kwa neno la Kihabashi ambalo mtoto yule alilijua. Hapana aliyemwambia msichana kuwa lugha aliyotoka nayo ugenini ni aibu. Nao watu wazima walijifunza kwa wenyeji yaliyo mema: imepokewa kuwa jeneza lenye kufunikwa, linalosetiri mwili wa mwanamke, Asma aliliona Habasha, akamwonyesha Bibi Fatima.

Haikuwa raha tupu. Alizuka mtu kushindana na Najashi katika ufalme, na wageni wakahuzunika kuliko wenyeji, kwa kuwa mfalme mwingine huenda asiijue haki yao. Zubair bin al-Awwam, aliyekuwa kijana, alipulizia kiriba hewa akakilalia, akavuka Nile ili awaletee khabari ya vita. Akarudi na khabari ya ushindi. Tena msiba wa dini ukaingia nyumba moja. Wanasira wasimulia kuwa Ubaidullah bin Jahsh aliingia katika Ukristo huko huko, akafa. Mkewe Umm Habiba akabaki na binti yake mdogo, hana mume wala baba, kwa kuwa babaye Abu Sufyan alikuwa mkuu wa maadui. Hakutoka katika Uislamu. Mtume akampelekea posa kutoka Madina, na mahari yake Najashi alitoa mwenyewe, dinari 400.

Kondoa nayo yayajua mambo ya namna hii kwa pande zote mbili. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani na Waarabu walifika nchi ya Irangi kwa misafara, na wengine wakakaa, wakajenga na kuzaa katikati ya watu ambao siku hizo hawakuwa Waislamu. Leo Warangi walio wengi ni Waislamu. Kisha, wakati wa vita vya pili vya dunia, mambo yakageuka. Warusi walikuwa wamewatoa watu wa Poland makwao mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa, maelfu walitoka mwaka 1942 kwa njia ya Iran, nchi ya Waislamu, na wengi wa wanawake na watoto wakaletwa kwa meli mpaka bandari za Afrika Mashariki. Serikali ya Kiingereza ikawagawanya katika kambi: Tengeru karibu na Arusha, Ifunda na Kidugala katika nyanda za kusini, na mia kadhaa wakapelekwa Kondoa. Basi mama Mkatoliki alilea wanawe katika nchi ya Waislamu, kama Asma alivyolea wake katika nchi ya Wakristo, naye akihangaika kwa swali lile lile, mtoto huyu atasali namna gani na atasema lugha ya nani. Baada ya vita wengi wao hawakurudi kwao. Walikwenda Uingereza, Australia na Canada, wakaanza ugeni tena.

Jaafar alirudi mwaka wa 7 wa Hijra, sawa na 628, katika majahazi mawili aliyoyatoa Najashi, pamoja na Abu Musa al-Ashari na watu wa Yaman. Walimkuta Mtume Khaibar, ushindi umekwisha. Mtume akambusu kipaji, akasema kuwa hajui limfurahishalo zaidi, kufunguliwa kwa Khaibar au kufika kwa Jaafar. Sayyidna Umar alipomwambia Asma kuwa waliohamia Madina wamewatangulia kwa hijra, Asma alikasirika: wao walikuwa na Mtume, akimlisha mwenye njaa wao, na sisi tulikuwa mbali katika nchi ya kigeni. Hayo ndiyo maana ya maneno yake. Akaapa hatakula mpaka amwulize Mtume, naye akamhukumia Asma: watu wa jahazi wana hijra mbili.

Mfalme Najashi alikufa mwaka wa 9 wa Hijra, na Mtume akamsalia akiwa mbali naye.

Madina Jaafar aliitwa Baba wa Maskini. Abu Huraira alisimulia kuwa Jaafar huwachukua nyumbani awalishe kilichopo, na kisipokuwapo kitu huwatolea kiriba cha samli kilichokwisha, wakakipasua wakalamba kilichoshika ndani. Tena alipewa binti Hamza amlee, kwa kuwa Asma ni khaloo wake.

Haikupita miaka miwili tangu arudi. Katika Jamadil Awwal ya mwaka wa 8, yaani 629, jeshi la watu 3,000 lilikwenda Muta. Zaid bin Haritha alipokufa Jaafar akaitwaa bendera. Ukakatwa mkono wa kulia, akaishika kwa wa kushoto. Ukakatwa, akaikumbatia mpaka akauawa. Majeraha yake yalihesabiwa zaidi ya 90, na mapokezi mengine yasema 50, wala hapana hata moja lililokuwa mgongoni. Kwa hayo akaitwa at-Tayyar, mwenye kuruka, kwa mabawa mawili aliyopewa Peponi.

Siku hiyo Asma alikuwa amekwisha kukanda unga, amewaosha watoto na kuwapaka mafuta. Mtume akaingia, akataka aletewe watoto wa Jaafar, akawakumbatia, na machozi yakamtoka. Asma akafahamu. Mtume akaamrisha jamaa ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Katika nyumba nyingi za pwani jambo hili limepinduliwa, mfiwa ndiye apikaye na majirani ndio walao, tena kwa deni la dukani.

Baada ya siku tatu Mtume akarudi, akamwita kinyozi akawanyoa watoto vichwa. Akasema Muhammad amefanana na Abu Talib, na Abdallah amefanana naye mwenyewe kwa sura na tabia, akamwombea Abdallah baraka katika biashara ya mikono yake. Asma alipolalamika kuwa watoto wamekuwa mayatima, alimwambia kuwa yeye ndiye walii wao. Abdallah huyo, aliyezaliwa Habasha, aliishi mpaka kiasi cha mwaka wa 80 wa Hijra, akamwoa Bibi Zainab binti Ali, na ukarimu wake ukajulikana hata watu wa Madina wakawa wakikopeshana kwa ahadi ya kulipa itakapotoka zawadi ya Abdallah bin Jaafar.