Padre Mersenne na Namba Tasa

Hapa Mlali nawasikia baadhi yenu mkisema hesabu na sala haviendani. Mimi huwa nawajibu kwa maisha ya Padre Marin Mersenne.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1588, akasoma kwa Wajesuiti, na mwaka 1611 akaingia shirika la Waminimi, maana yake wadogo kuliko wote. Kwa nadhiri hawakula nyama, mayai wala maziwa. Kutoka nyumba yao ya kitawa Paris aliandikiana barua na wataalamu kama Descartes na Fermat, akawaunganisha.

Alipenda namba tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Chukua 2×2×2, unapata 8. Toa 1, inabaki 7. Hiyo ni tasa. Lakini si kila kipeo cha 2 kinakubali hivyo. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo vinavyokubali, hadi 257. Aliingiza 67 na 257 kimakosa, akaacha 61, 89 na 107. Alifariki 1648, kosa la 67 lilikuja kuonekana 1876.

Hata hivyo namba hizi zinaitwa kwa jina lake, ikiwemo ile iliyopatikana mwaka 2024, yenye tarakimu 41,024,320! Kwa nini? Kwa sababu aliweka kazi yake mezani, wengine wakaisahihisha na kuiendeleza.

Kijana, usizike talanta yako eti unaogopa kukosea. Ee Bwana, utupe moyo wa kutafuta ukweli na unyenyekevu wa kusahihishwa. Amina.