Edsger Dijkstra

Edsger Wybe Dijkstra (Rotterdam, 11 Mei 1930 – Nuenen, 6 Agosti 2002) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi. Anakumbukwa kwa kuonyesha jinsi kazi kadhaa za kompyuta zinavyoweza kutumia data moja bila kuiharibu.

Maisha

Baba yake alikuwa mwanakemia na mama yake mwanahisabati. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1952 aliajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam kuwa mtayarishaji programu. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno: alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, maofisa walikataa kuiandika kwenye hati, naye akaandikwa mwanafizikia. Kuanzia 1962 alikuwa profesa mjini Eindhoven, na kuanzia 1984 hadi 1999 alifundisha Austin, Texas. Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1972.

Data ya pamoja

Programu inaweza kugawanywa katika nyuzi, yaani mifuatano ya maagizo inayokwenda sambamba. Hatari huja nyuzi mbili zinapogusa data moja. Kwa mfano, akaunti ina shilingi 100,000. Mtu aliye Ipagala, Dodoma, na mwenzake aliye Mwanza wanatoa 80,000 kila mmoja kwa wakati uleule. Kila uzi ukisoma salio kabla mwingine haujaandika, wote wataruhusiwa: zitatoka 160,000, na kumbukumbu zitaonyesha zimebaki 20,000.

Kosa la namna hiyo linaweza kujificha katika majaribio mengi, kisha likajitokeza siku ya kazi. Kwa sababu hiyo Dijkstra alishikilia kwamba majaribio peke yake hayatoshi. Usahihi wa programu uthibitishwe kwa hoja za kihisabati.

Mwaka 1965 alichapisha njia ya kuhakikisha kwamba kazi moja tu kati ya nyingi inaingia katika sehemu nyeti ya programu. Alibuni pia semafori, ambayo ni namba maalumu: kazi inayoingia huipunguza, inayotoka huiongeza, na ikiwa sifuri anayefika husubiri.

Alionya pia juu ya mkwamo, ambapo kila kazi inashikilia kitu kinachohitajiwa na nyingine, na hakuna inayosonga mbele.

Urithi

Mwaka 2004 toleo la 5 la lugha ya Java lilileta semafori pamoja na makusanyo ya data yaliyo salama kwa nyuzi nyingi, kama ConcurrentHashMap. Makusanyo hayo hujilinda yenyewe, lakini kwa tendo mojamoja tu. Kusoma salio kisha kuandika jipya ni matendo mawili, na katikati yake uzi mwingine unaweza kupenya. Hivyo mtayarishaji programu bado anapaswa kutambua sehemu nyeti na kuilinda, kama Dijkstra alivyofundisha.

Tangu 2003 Tuzo ya Dijkstra hutolewa kwa makala bora kuhusu mifumo ya kompyuta iliyosambazwa.