Sauti Iliyovuka Bahari

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, Marekani, na tangu ujana wake alifanya kazi ya reli. Mwaka 1924 alibainika kuwa na kifua kikuu, maradhi ambayo wakati ule hayakuwa na dawa. Kazi ya reli ilipomshinda, alishika gitaa. Mwezi Agosti 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, na santuri zake zikaenea mbali. Alifariki mwezi Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35, siku mbili tu baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Hata hivyo, mwaka 1950 Wakipsigis wa Kenya walirekodiwa wakimwimba kwa jina la Chemirocha.

Nasi visiwani tunao waimbaji wetu, wengine wazee na wagonjwa. Hatuna budi kuwauliza wakubwa wanaohusika: ni nani anayewarekodi kabla pumzi zao hazijakatika? Sauti ya Rodgers ilidumu kwa sababu alikuwapo mtu wa kuihifadhi. Mauti hayangoji bajeti.