Mzee Rebmann na Mama Emma

Sisi wa Voi tukienda Taveta huiona theluji ya Kilimanjaro, wala hatugeuzi shingo. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Waanglikana, aliiona tarehe 11 Mei 1848, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Hayo hufundishwa shuleni. Ya nyumbani kwake hayasemwi.

Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, wakakaa Kisuludini, upande wa Rabai. Mtoto wao pekee alifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Waumini walikuwa wachache mno. Kazi ilikuwa kufundisha na kukusanya maneno ya kamusi, moja moja. Miaka 15 ya siku zinazofanana, wawili hao pamoja! (Baba, wajua leo mama watoto amevaa kanga gani?)

Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann hakurudi kwao. Alibaki palepale miaka tisa, akiendelea na maneno yake, hata macho yakapofuka. Rafiki yake Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alimwongoza, na mwaka 1875 akasafiri naye mpaka Ujerumani. Huko Korntal mzee alioa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki.